Bakuli lako la Hagi halijapasuka

Kila baada ya wiki kadhaa mteja hututumia picha ya bakuli la chai na ujumbe ule ule: "Limejaa nyufa, na limelowanisha meza." Karibu kila mara ni bakuli la Hagi, na ni zima kabisa.

Hagi ni mji wa mkoa wa Yamaguchi, magharibi mwa Japani. Ufinyanzi wake ulianzishwa na mafundi kutoka Korea, waliochukuliwa wakati mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, alipoivamia nchi yao miaka ya 1590. Udongo wa Hagi hubaki na vitundu vidogo hata baada ya kutoka jokoni. Bakuli likipoa, ile gilezi, tabaka kama kioo linalolifunika, husinyaa kuliko udongo, ikaacha mistari myembamba kama unywele. Humo ndimo chai inamopenya. Ukilitumia miaka, weupe wake hugeuka taratibu, ukapata wekundu hapa, ukahawia pale. Wajapani huyaita mabadiliko saba ya Hagi, na wapo wanaolinunua kwa ajili hiyo tu.

Halina ua wala dhahabu. Lakini lipindue utazame kitako: fundi amekikata pengo kwa kisu, na kando yake mara nyingine utaona madoa yasiyo na gilezi, pale vidole vyake vilipolishika akilichovya. Sisi hupenda kuweka kidole chetu papo hapo. Kisha mimina macha, ile chai ya kijani ya unga. Ule ukijani unavyotulia katika weupe usio na pambo, hakuna nakshi ingeuongezea kitu. Wapenzi wa chai Japani wana msemo wa kupanga aina za mabakuli: Raku kwanza, Hagi pili, Karatsu tatu, na hilo la Raku hufinyangwa kwa viganja, bila gurudumu.

Likiwa jipya, liloweke katika maji safi nusu saa, na kila kabla ya kunywa dakika chache. Likishajaa maji, chai haipenyi ovyo. Lisuuze kwa maji matupu, maana udongo hunywa harufu ya sabuni. Usilirudishe kwenye sanduku kabla halijakauka siku kadhaa, litaota ukungu.

Ukiwa bado na shaka, pitisha ukucha. Ukikwama, na mstari huohuo ukaonekana ndani na nje mahali pamoja, huo ni ufa kweli. Turudishie, tutakubadilishia.