Makala yenu ilisahau pesa za Madras

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu majumba ya mashambani Uingereza yaliyogeuzwa shule. Mwandishi kasifu nguzo na bustani, ila hakuuliza pesa za kujengea zilitoka wapi.

Chukua jumba la Woodhall Park, huku Hertfordshire ninakoishi. Msanifu majengo Thomas Leverton alilichora katika miaka ya 1770 kwa ajili ya Sir Thomas Rumbold, aliyekuwa gavana wa Madras (sasa Chennai, India) kati ya 1778 na 1780 chini ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyotawala sehemu za India. Alirudi na mali nyingi kiasi kwamba Bunge lilimchunguza. Baada ya kifo chake jumba lilinunuliwa na Paul Benfield, naye alichumia hukohuko Madras kwa kumkopesha Nawabu wa Arcot, mtawala Mhindi wa eneo hilo. Benfield alifilisika, akafia Paris mwaka 1810. Haya mwandishi wenu aliyaruka!

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema shule iliharibu jumba. Shule ya Heath Mount ilihamia hapo kutoka Hampstead, London, katika miaka ya 1930, wakati ambapo wenye majumba kama hayo walikuwa wakiyabomoa kwa kulemewa na kodi ya mirathi na gharama za paa. Chumba ambacho mwaka 1782 kilibandikwa kuta nzima picha za kuchapwa kipo hadi leo.

Halafu, "shule ya maandalizi" mliyoandika si chekechea. Huwaandaa watoto hadi miaka 13 kuingia sekondari za kulipia, tena za ghali.

Msomaji wenu,
Hertford