Kabla hujafungua blogu, weka akiba

Mwanangu Zuhura,

Salaam sana. Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kufungua blogu ya ushonaji, na swali lako la kwanza ni ukurasa upakwe rangi gani. Hilo liache kwanza. Blogu nyingi zinakufa kwa sababu mwenyewe alifungua akiwa na makala moja, akaiposti siku hiyohiyo, wiki ya pili akajikongoja na nyingine, ya tatu kukatokea mitihani au msiba, na ukurasa umebaki na "karibuni sana" mpaka leo. Hakuwa na akiba ya makala.

Kwa hiyo usimwambie mtu mpaka uwe na makala nane zilizokamilika. Ukitoa moja kila Jumamosi, una takriban miezi miwili mkononi, na humo ndani unaandika za kujazia. Akiba isishuke chini ya nne. Ikielekea huko, toa moja kila baada ya wiki mbili, wala usiwaombe radhi wasomaji. Hakuna aliyekuwa anahesabu.

Kuandika kwenyewe kupe dakika 25 kila siku, saa ileile. Kufunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya: ukishafunika cherehani jioni, kabla hujashika simu, kaa uandike. Maneno 150 yanatosha. Kwa siku tano ni 750. Ukikata ya kurembaremba unabaki na makala ya maneno kama 500. Siku ya sita isome kwa sauti, maana ulimi utakwama palepale msomaji atakapokwama. Ya saba pumzika. Ukikosa siku, usilipe deni kesho yake kwa kukaa saa tatu nzima. Ukifanya hivyo utaanza kuiogopa meza. Rudi kwenye dakika zako 25. Na ukiinuka, acha sentensi katikati ukijua inaelekea wapi, ili kesho usianze na ukurasa mtupu. Rasimu ziweke kwenye daftari au Google Docs. Ukiandika moja kwa moja ndani ya blogu, siku mtandao ukikatika kabla haijahifadhi, utaandika upya.

Cha kuandika utakipata kwa wateja na kwa wale wanaojifunza. Swali ukiulizwa mara tatu, hiyo ni makala. Lakini lichukue dogo. "Misingi ya ushonaji" ni kitabu kizima, hutakimaliza. "Kwa nini uzi unajisokota chini ya kitambaa" ni makala.

Hebu tuichukue hiyohiyo. Najua mkono utataka kuanza na "Katika ulimwengu wa leo, ushonaji ni fani muhimu sana." Futa. Msomaji wako kitambaa kimemnasia kwenye cherehani na bando linaisha. Mwambie sentensi ya kwanza kabisa: uzi ukijisokota chini, mara nyingi kosa liko juu. Kisha mpe sababu. Alipitisha uzi huku ule mguu unaokandamiza kitambaa ukiwa chini, visahani vya kukaza uzi vikawa vimebana, uzi ukapita pembeni badala ya kuingia katikati yake. Uzi wa juu ukakosa wa kuuzuia, ukavutwa wote chini. Anyanyue mguu, atoe uzi, aupitishe upya tangu kwenye kigurudumu chake, ajaribu kwenye kipande kisicho na kazi. Bado? Hapo ndipo umpeleke kwenye sindano na bobini, kile kidude cha uzi wa chini. Makala imekwisha. Historia ya cherehani usiibandike ili tu ionekane ndefu.

Kichwa nacho kiwe maneno ambayo mtu angeyaandika Google akiwa na shida: "cherehani inakata uzi", "zipu inakunjamana". Tumia maneno ya mafundi, siyo ya kamusi, hata kama ya kamusi yanapendeza zaidi.

Picha piga karibu na dirisha, mchana, taa ya simu ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, kitambaa cheusi kinakuwa doa moja na mshono hauonekani. Picha ya simu inaweza kuwa na MB 4. Ukipandisha kumi jinsi zilivyo, unaweza kumlia mtu hadi MB 40 kwa makala moja. Zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1,200 hivi, kila moja chini ya KB 200. Za watu usizichukue, na mteja aliyevaa gauni ulilomshonea muulize kwanza kabla hujamweka.

Mahali pa kufungulia hapahitaji mjadala. Blogger ya Google ni bure, anwani itaishia na blogspot.com, na kwa mwaka wa kwanza inakutosha. WordPress.com nayo ina sehemu ya bure. Chagua moja jioni moja, chukua mwonekano mweupe wa kawaida, basi. Ila barua pepe utakayofungulia iwe yako ya kudumu. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za dharura utakazopewa hapo ziandike kwenye karatasi, kwa kuwa laini ya simu ikipotea unaweza kufungiwa nje ya blogu yako mwenyewe.

Jambo la serikali: mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wanablogu kuomba leseni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kulipa ada. Zimerekebishwa tangu hapo. Usisikilize ya vijiweni. Soma toleo linalotumika sasa uone kama mafunzo ya ushonaji yanahusika.

Idadi ya wasomaji itazame mara moja kwa mwezi, ukiangalia zaidi ni maneno gani waliyatafuta mpaka wakakufikia. Hayo yanakupa makala zijazo. Kuifungua kila saa kutakula dakika zako 25 zote.

Ile ya uzi nitumie kabla ya Jumapili, hata ikiwa na makosa. Nitakaa nayo mbele ya cherehani ya hapa nyumbani, nifuate ulichoandika neno kwa neno, nikuambie nimekwama wapi.

Mama yako