Kwa wanangu mnaokwenda kushika chaki mwaka huu

Wanangu,

Mlipokuja kuniaga, karibu kila mmoja aliniuliza: nitaanzaje na darasa la kwanza mahali pasipo vitabu wala madawati? Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, kwa habari za mwalimu mmoja wa Uswisi, Johann Heinrich Pestalozzi.

Alizaliwa Zürich mwaka 1746, akafiwa na baba angali mdogo. Alijaribu kilimo huko Neuhof, shamba likamshinda. Akawakusanya humo watoto wa maskini wasokote nyuzi huku wakisoma. Fedha zikamwishia, akafunga mwaka 1780. Akabaki na kalamu yake.

Septemba 1798 jeshi la Ufaransa lilishambulia Nidwalden, jimbo la Uswisi, likaua watu na kuchoma nyumba. Mayatima wakazagaa. Januari 1799, ndiyo kwanza ametimiza miaka 53, Pestalozzi alianza kuwalea katika jengo la watawa mjini Stans, humo Nidwalden. Mafundi walikuwa bado kazini, vumbi limejaa kote. Watoto wakafika themanini hivi, wengine wana upele, wengine wamebaki mifupa. Msaidizi wake alikuwa mtunza nyumba mmoja tu. Hakungoja jengo likamilike. Alikula nao, akalala kati yao, wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Aliyejua herufi chache alimketisha kati ya wenzake awafundishe. Juni, jengo likatakiwa liwe hospitali ya wanajeshi, kazi ikakatika. Miezi mitano, wanangu! Hata leo nikiikumbuka napata nguvu.

Baadaye, huko Burgdorf, aliwasimamisha watoto mbele ya ukuta uliobandikwa karatasi iliyochakaa. Mnaona nini? Tundu kwenye karatasi. Tundu la namna gani? Tundu refu. Nyuma ya tundu kuna nini? Kwa ukuta ule mbovu walijifunza kutazama, kutaja na kupanga sentensi. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliwaimbisha watoto majina ya vitu wasivyopata kuviona, wakayaimba vizuri, nikadhani nimefundisha. Inaniuma mpaka leo.

Kuna mahali msimfuate. Shule yake ya Yverdon ilivuta wageni wa mataifa mengi. Friedrich Fröbel, aliyekuja kuanzisha shule za chekechea, alikaa huko. Lakini walimu wake waligombana miaka na miaka, naye hakuweza kuwapatanisha. Mwaka 1825 ikafungwa. Akarudi Neuhof mzee na mnyonge, akafariki mwaka 1827. Kwa hiyo mkifika vituoni, kaeni na walimu wenzenu mapema, mzungumze kabla kinyongo hakijaota mizizi.

Na darasani msiwasubirishe watoto kwa sababu vitabu havijaja. Tokeni nao nje, muwaulize wanaona nini. Kisha niandikieni: siku ya kwanza mlianzia na kitu gani, na mtoto wa kwanza kujibu alisemaje?

Mzee wenu, mwalimu mstaafu