Maulidi: tubishane juu ya yaliyomo, si juu ya jina

Mhariri,

Kila mwezi wa Mfunguo Sita unapoandama, mabishano yaleyale huanza upya. Huyu asema anayesoma Maulidi ni mzushi wa motoni, yule asema asiyesoma hampendi Mtume (S.A.W.). Yote mawili yamevuka mpaka. Wanavyuoni wakubwa waliolijadili jambo hili karne nyingi zilizopita, waliolikataa na walioliruhusu, walishughulika zaidi na kinachofanywa ndani ya hafla yenyewe. Huko ndiko ningependa mjadala uhamie.

Lipo ambalo pande zote mbili zinakubaliana, ingawa ukizisikiliza kelele zetu hutalijua. Mtume hakujifanyia Maulidi, masahaba hawakumfanyia, wala tabiina waliokuja baada yao. Hilo si neno la wapinzani peke yao. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria na ambaye ni nguzo ya wanaoruhusu, ameanza fatwa yake kwa kusema kwamba asili ya Maulidi ni bidaa (jambo lililozushwa katika dini) isiyopokewa kutoka kwa yeyote katika wema wa karne tatu za mwanzo. Kisha akaongeza: pamoja na hayo imekusanya mema na kinyume cha mema, mwenye kuyafuata mema na kuuepuka upande wa pili, kwake itakuwa bidaa njema, la sivyo, siyo. Wapinzani hunukuu nusu ya kwanza, watetezi hunukuu nusu ya pili, na hilo sharti la katikati hubaki bila mwenyewe.

Historia nayo tuiseme ilivyo. Sherehe ya hadhara yaonekana kwanza Cairo chini ya watawala wa Fatimiya, ambao ni Mashia. Kwa maelezo ya mwanahistoria al-Maqrizi, wao walikuwa na mazazi sita kwa mwaka: la Mtume, la Ali, la Fatima, la Hasan, la Husein na la khalifa aliye madarakani. Kwa Masuni, jina linalotajwa sana ni Muzaffar al-Din Kokburi, mtawala wa Irbil kaskazini mwa Iraki na shemeji yake Salahuddin, aliyefariki mwaka 630 Hijria. Mwanachuoni Ibn Dihya alipofika kwake mwaka 604 na kumtungia kitabu cha Maulidi, alizawadiwa dinari 1,000. Lakini mwanahistoria Ibn Khallikan ametuhifadhia jambo lenye faida kuliko dinari hizo. Anasema Muzaffar alikuwa akifanya Maulidi mwaka mmoja tarehe 8 na mwaka unaofuata tarehe 12, kwa ajili ya hitilafu za riwaya juu ya tarehe aliyozaliwa Mtume.

Hitilafu hizo zipo hadi leo. Tarehe 12 ni kauli ya Ibn Ishaq na ndiyo mashuhuri, lakini wako waliosema 2, 8, 9 na 10, na Mashia Imamiya hushika 17. Kilichothibiti bila shaka ni siku ya juma. Katika Sahihi Muslim, Abu Qatada anasimulia kwamba Mtume aliulizwa kuhusu saumu ya Jumatatu akajibu kuwa hiyo ni siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa wahyi. Basi anayetangaza kwamba usiku wa kuamkia tarehe 12 una rakaa kadhaa maalumu zenye thawabu kadhaa maalumu, na aulizwe amezitoa wapi.

Sasa hukumu. Wanaokataza wana hadithi mbili nzito. Ya Aisha, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba atakayezua katika jambo letu hili lisilokuwamo litarudishwa. Na ya Jabir kwa Muslim, kwamba kila bidaa ni upotevu. Wanaoruhusu hujibu kwa kauli ya Umar juu ya tarawehe, "Neema ya bidaa ni hii", na kwa hadithi ya Jarir kuhusu anayeanzisha mwendo mzuri katika Uislamu. Hapa watetezi wasijidanganye: tarawehe ya jamaa Mtume mwenyewe aliiswalisha siku chache kisha akaiacha kwa kuchelea isije ikafaradhishwa, na hadithi ya Jarir ilikuja katika tukio la sadaka, ibada iliyokwishajulikana. Dalili hizo peke yake hazibebi mzigo wote.

Inayobeba ni hoja nyingine. Vipande vinavyounda hafla vina asili kimoja kimoja: kusoma Qur'ani, kusimulia sira, kumswalia Mtume (sura ya Ahzab, aya ya 56), kulisha watu, kuifurahia fadhila ya Mwenyezi Mungu na rehema yake (sura ya Yunus, aya ya 58). Kilichozuka ni kuvikusanya na kuvipangia siku. Kupanga siku kwa ajili ya wepesi, kama darasa linavyopangiwa Jumamosi, hakuigeuzi siku kuwa ibada. Kinachoigeuza ni kuitakidi kwamba siku hiyo ina fadhila iliyowekwa na sharia, au kwamba asiyehudhuria ameacha sunna. Ibn Hajar aliongeza kipimo cha saumu ya Ashura: Mtume aliwakuta Mayahudi wa Madina wakifunga kushukuru kuokolewa Musa, naye akafunga na kuamrisha ifungwe, kwa hiyo kushukuru neema siku yake inaporejea kila mwaka kuna asili. Watetezi wengi huishia hapo. Yeye aliendelea kusema kwamba kwa kipimo hicho yafaa itafutwe siku yenyewe hasa, na akawatilia shaka wanaoihamisha kwenye siku yoyote ya mwaka. Anayesoma Maulidi mwezi wa Rajabu akatoa dalili ya Ashura, ameibomoa dalili yake kwa mkono wake.

Kwa mizani hiyo naona Maulidi yajuzu kwa sharti la yaliyomo, na thawabu zake ni thawabu za matendo yake. Salawati moja hulipwa kumi, kwa hadithi ya Muslim, ndani ya Maulidi na nje yake.

Kinachoidhoofisha kauli hii ni dalili mbovu tunazoipachika wenyewe. Kubwa ni kisa cha Thuwaiba. Mimbarini husemwa kwamba Abu Lahab hupunguziwa adhabu kila Jumatatu kwa kuwa alimwacha huru kijakazi huyo alipomletea habari ya kuzaliwa Mtume. Ukifungua Bukhari utakuta Urwa akisimulia kwamba mmoja wa jamaa zake Abu Lahab alimwota, naye akasema hakupata raha ila ananyweshwa kidogo kwa sababu ya kumwacha huru Thuwaiba. Jumatatu haimo. Hiyo imetoka kwa Suhaili, mwandishi wa sira. Maneno yenyewe ni mursali wa Urwa, yaani ameyasimulia bila kumtaja aliyemwambia, habari ni ya ndoto, na zipo riwaya za sira zisemazo kwamba Thuwaiba aliachwa huru miaka mingi baadaye, karibu na Hijra. Kisa hiki kisitiwe uzito wa hukumu.

Vivyo hivyo hoja ya mwanachuoni Suyuti, mmoja wa watetezi wa Maulidi, kwamba Mtume alijifanyia akika (chinjo la kuzaliwa mtoto) baada ya kupewa utume: hadithi yake ni dhaifu, Baihaqi aliyeipokea ameikosoa mwenyewe na Nawawi ameiita batili. "Lau si wewe nisingeziumba mbingu", maneno yanayodaiwa Mungu alimwambia Mtume, mwanachuoni Saghani ameyahesabu ya kutungwa. Hadithi inayonasibishwa kwa Jabir, kwamba kitu cha kwanza kuumbwa ni nuru ya Mtume, haina sanadi (mlolongo wa wapokezi) ya kutegemewa, na Suyuti ni miongoni mwa waliosema hivyo. Na yale maneno ya kwamba Abu Bakr alisema mwenye kutoa dirhamu moja kwa kusomewa Maulidi atakuwa rafiki yake peponi hayana sanadi kabisa. Wala hayahitaji mtaalamu wa hadithi kuyakamata, maana zama za Abu Bakr hapakuwa na Maulidi ya kutolewa dirhamu.

Upande wa pili nao una deni. Hoja kwamba mwezi huo ndio aliofariki Mtume, hivyo furaha haina haki kuliko huzuni, aliitoa Tajuddin al-Fakihani, mwanachuoni wa Kimaliki wa Alexandria. Suyuti alimjibu kwamba sharia imeagiza kudhihirisha shukrani kwa neema na kunyamaza katika msiba: mtoto huchinjiwa akika anapozaliwa, wala hakuna chinjo lililoamrishwa kwa kifo. Na wanaomnukuu mwanachuoni Ibn Taimiya kuikataza Maulidi waendelee kusoma. Aliihesabu bidaa, hilo kweli, lakini alisema pia kwamba baadhi ya watu huenda wakapata ujira mkubwa kwa nia yao njema na kumtukuza kwao Mtume, si kwa bidaa yenyewe. Matusi tunayoyasikia hayatoki kwake.

Nije kwa wanaoandaa.

Isiitwe Idi. Anas anasimulia kwa Abu Daud kwamba watu wa Madina walikuwa na siku mbili za michezo, wakabadilishiwa Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufuturu. Maulidi haina swala yake, haina hotuba yake, haikatazwi kuifunga. Nimesikia takbira za Idi zikiletwa usiku wa Maulidi. Hizo zina mahali pake.

Kiyamu, yaani kusimama msomaji anapofika kwenye kuzaliwa, ndicho kipande kinachozua ugomvi kuliko vyote. Barzanji mwenyewe, mtungaji wa kitabu cha Maulidi kinachosomwa sana na mufti wa Kishafii wa Madina aliyefariki mwaka 1177 Hijria, aliandika tu kwamba maimamu kadhaa wameona ni vizuri. Ibn Hajar al-Haitami, naye Mshafii, alisema kusimama huko hakuna riwaya. Na kwa Tirmidhi, Anas anasema masahaba hawakumsimamia Mtume kwa kuwa walijua hapendi kusimamiwa. Anayesimama kwa adabu asizomewe, aliyekaa asivutwe kanzu. Na anayeamini kwamba Mtume huingia ukumbini saa hiyo, hilo si suala la adabu tena, ni la itikadi, na mwenye kudai alete dalili.

Kasida zina kipimo chake tayari. Bukhari ameeleza kwamba wasichana walipiga dufu kwenye harusi ya Rubayi bint Muawidh, mmoja akasema, "Kwetu yupo Nabii ajuaye ya kesho." Mtume akamwambia aache hilo na aendelee na aliyokuwa akisema. Dufu hakulikatiza, aliukatiza ubeti mmoja. Kamati ikae na mwimbaji siku kadhaa kabla, ubeti kwa ubeti, na unaompa Mtume sifa ya Mungu uondolewe. Kazi hiyo yamalizika kikao kimoja, na hakuna kinachookoa hafla kuliko hiyo.

Usomaji nao. Kitabu kizima kikisomwa mbio, herufi zikimezwa, waliokaa huambulia sauti tu. Afadhali zichaguliwe fasili (sehemu za kitabu) tatu au nne, kila moja ifuatwe na tafsiri ya dakika tano kwa lugha ya wasikilizaji, kisha mada moja ya sira: alivyoamiliana na mdeni wake, na majirani, na watumishi. Saa moja na nusu baada ya Isha yatosha. Zaidi ya hapo Alfajiri ndiyo inayolipa, na faraidha haiuzwi kwa jambo ambalo hata mtetezi wake haliiti zaidi ya bidaa njema.

Mwisho ni michango. Al-Fakihani aligawa Maulidi mafungu mawili. La kwanza, mtu kulisha jamaa kwa mali yake bila maasi, aliliona makuruhu, lisilopendeza ingawa si haramu. La pili alilikataza kabisa, na miongoni mwa sifa zake ni mtu kutoa fedha huku nafsi yake ikiifuata na moyo ukimuuma. Orodha ya majina inayobandikwa ukutani na kiasi alichotoa kila mmoja ndiyo fungu hilo hilo. Pawe na sanduku lililofungwa, hesabu itolewe kwa jumla, na kisipotosha chakula kipunguzwe badala ya kukopwa.

Na mwaka ambao tarehe iliyochaguliwa itaangukia Jumatatu, chakula kisipakuliwe mchana. Saumu ya siku hiyo ndiyo ibada pekee ambayo Mtume mwenyewe aliifungamanisha na kuzaliwa kwake. Sinia ziletwe baada ya Magharibi, waliofunga wafuturie hapo.

Wabillahi taufiki.
Msomaji wenu