Somo, mkataba haujafa

Dar es Salaam,
20 Aprili 2025

Somo yangu mpendwa,

Hujambo? Huku sote wazima. Masika yameshika kweli, nguo zinakaa kambani siku mbili hazikauki.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema tangu Trump atie saini Januari 20 kuitoa Marekani kwenye Mkataba wa Paris, ule wa mataifa wa kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, umekata tamaa, na kwamba mkataba wenyewe umeshakufa. Neno hilo lilinikaa moyoni. Jana jioni mvua ilipotulia nikatoka, nikatembea mpaka kwenye ukuta wa bahari.

Unakumbuka ule wa zamani wa Ocean Road ulivyokuwa umebomokabomoka? Barabara ile tangu 2013 inaitwa kwa jina la Barack Obama, na ukuta mpya ulikamilika 2018. Fedha zake zilitoka kwenye Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi. Na mfuko huo, somo, ulizaliwa na Itifaki ya Kyoto, mkataba uliotangulia ule wa Paris, ileile ambayo Marekani iliikataa.

Machi 2001 George W. Bush alitangaza kwamba nchi yake haitaiidhinisha. Nayo ilisemwa imekufa, na waliosema hivyo walikuwa na hesabu mkononi. Ili itifaki ianze kazi zilihitajika nchi 55, na miongoni mwao nchi tajiri zilizotoa angalau asilimia 55 ya hewa ya ukaa ya kundi lao mwaka 1990. Marekani peke yake ilikuwa na asilimia 36. Ikishatoka hiyo, waliobaki walilazimika kushikana karibu wote. Wakashikana. Julai walikutana Bonn, Novemba wakakutana Marrakesh kuandika kanuni, na huko Marrakesh ndiko mfuko ule ulikoanzishwa. Urusi ilibembelezwa mpaka mwisho wa 2004, na Februari 16, 2005 itifaki ikaanza kazi.

Tena mfuko ule ulipata fedha kwa njia ninayoipenda sana. Nchi inayoendelea kama India ilipoendesha mradi wa kupunguza gesijoto na kupewa hati za kaboni, yaani vyeti vya gesi iliyopunguzwa, za kuuza, asilimia 2 ya hati hizo ilikatwa ikaenda mfukoni. Hakuna rais aliyeweza kuifuta kwa kalamu. Baadaye bei ya hati iliporomoka, mfuko ukarudi kutegemea michango. Lakini ukuta ulijengwa, na jana nimeukalia.

Sikuandikii haya kukupoza kwa maneno matupu. Desemba 2011 Kanada nayo ilitangaza kujitoa Kyoto, na gesijoto duniani ziliendelea kupanda miaka yote ile. Kwa hiyo simwogopi sana anayetoka. Nawaogopa waliobaki ndani wakimtazama, wakianza kuulizana kwa nini wao waumie. Trump alipotangaza mara ya kwanza, 2017, hakuna taifa lililomfuata, na Februari 2021 Marekani ikarudi. Safari hii pia, mpaka leo ninapoandika, hakuna aliyemfuata. Kujitoa kwenyewe kutatimia Januari 27 mwakani, na hiyo miezi tisa iliyobaki ndiyo ninayoihesabu.

Kinachoniuma hasa ni fedha. Mwaka 2014 serikali ya Obama iliahidi dola bilioni 3 kwa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, unaozisaidia nchi zinazoendelea. Alipoondoka madarakani ilikuwa imelipwa bilioni 1, na aliyemfuata akafunga mkoba. Mwezi uliopita Marekani imejiondoa kwenye bodi ya mfuko wa hasara na uharibifu, ule uliokubaliwa Sharm el-Sheikh 2022 kwa ajili ya watu walioharibikiwa tayari. Ahadi yake kwenye mfuko huo ilikuwa dola milioni 17.5 tu. Mwezi huohuo ikajitoa kwenye mpango wa kuisaidia Afrika Kusini kuachana na makaa ya mawe.

Aprili mwaka jana Rufiji ilipofurika, shangazi yangu alilala darasani wiki tatu, mpunga na ufuta vyote vimekwenda na maji. Ameanza upya kwa mbegu za kuazima. Ukimwambia habari za mikataba atakusikiliza kwa adabu, kisha atauliza tuta litajengwa lini. Mimi sina jibu la kumpa, na hilo linaninyima usingizi kuliko saini ya Januari.

Ila wewe, somo, usiseme huna la kufanya. Novemba uliniambia umekaa jikoni kwako Seattle ukijaza karatasi ya kura, ukakataa pendekezo la kufuta sheria ya jimbo inayowalazimisha wachafuzi wakubwa kununua vibali vya gesijoto wanazotoa. Zaidi ya watu 6 katika kila 10 walipiga kura kama yako. Kwenye uchaguzi uleule nchi yenu ilimrudisha Trump, na sheria yenu ikabaki imesimama. Saini yake inaitoa Marekani Paris, haikuifuta sheria ya jimbo lenu la Washington. Kura ile ulipiga kwa mkono wako, na huku imenifikia.

Nijibu basi: fedha za vibali vile mmezifanyia nini mtaani kwenu? Nataka kumsimulia shangazi nikienda Rufiji baada ya mvua.

Mama anakusalimia sana, anauliza watoto wanajua Kiswahili kiasi gani sasa.

Wako akupendaye,
Somo yako