Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Makarani Wastaafu wa Mahakama, Tanga

Ndugu wanachama,

Naanza na mafupi. Wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki mwaka huu, na rambirambi zimewafikia wafiwa. Ada zinaingia kwa kusuasua; hesabu ataisoma Mweka Hazina, mimi siingii huko. Paa la chumba chetu hapa Ngamiani linavuja bado, na mwenye nyumba anaahidi bado.

Muda wangu nataka niutumie kwenye baraza letu la Jumamosi, maana ndilo lililotuweka hai mwaka huu.

Mtakumbuka lilivyoanza kwa ubishi. Mmoja wetu alisema hakimu akitoa hukumu inayowaudhi wakubwa, cheo asahau. Mwingine, aliyezeekea masjala, akamjibu kwamba wasiopanda ni wale wanaolaza majalada, basi. Kahawa ikapoa, kila mtu kashikilia mfano wake mmoja. Ndipo kijana wa mwenzetu, mwalimu wa hesabu, akatuletea habari za Japani.

Kule jaji wa kazi huanza ujana, huhamishwa kila baada ya miaka michache, na kila miaka 10 uteuzi wake huhuishwa. Anayepanga nani aende Tokyo na nani aende tawi la mbali ni Sekretarieti Kuu ya Mahakama ya Juu. Mwaka 1973 jaji Shigeo Fukushima wa Sapporo, katika kesi ya kituo cha makombora cha Naganuma, aliamua kwamba jeshi la kujihami linakwenda kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, mwaka 1969, mkuu wake wa mahakama alikuwa amemwandikia barua ya kumuelekeza upande wa serikali. Baada ya hukumu alipelekwa Tokyo, kisha akasukumwa mahakama za familia za mbali, za miji ya Fukushima na Fukui, hadi alipoacha kazi mwaka 1989.

Mfano mzito huo, lakini ni mmoja tu. Mzee wa masjala akauliza, na aliuliza vema: utajuaje kama hakuwa na kasoro nyingine?

Wamarekani wawili, J. Mark Ramseyer na Eric Rasmusen, walilishika swali hilo kwa takwimu, na kitabu chao kikatoka mwaka 2003. Walichukua orodha ya kazi za majaji, inayoonyesha kila kituo alichopita kila mmoja, wakailinganisha na orodha ya wanachama wa chama cha wanasheria vijana wa mrengo wa kushoto. Mwalimu alitueleza njia yao kwa lugha ya pwani: humwiti nahodha hajui kuvua mpaka umpime na mwenzake mwenye ngalawa kama yake, nyavu kama zake, bamvu lile lile. Nao walimpima jaji na mwenzake wa chuo kile kile, aliyefaulu mtihani wa sheria mapema au kwa kuchelewa kama yeye, anayeandika hukumu nyingi au chache kama yeye. Kilichobaki baada ya hayo yote ndicho walichokiita siasa.

Na kilibaki. Wanachama wa kile chama cha wanasheria vijana walipata vituo duni kuliko wenzao wa sifa zilezile. Waliotengua marufuku ya kuomba kura nyumba kwa nyumba, au waliogusa jeshi, waliumia. Ila waliompa ushindi mlipa kodi dhidi ya serikali hawakuadhibiwa kwa hilo. Hapa ndipo nilipokaa sawa kitini. Kumbe si kila anayeishinda serikali huandamwa. Kinachouma ni kesi zinazogusa mamlaka ya chama tawala, na chama hicho tawala kilishika serikali mfululizo tangu 1955 hadi 1993.

Wapo wasiokubali. John Haley, mtaalamu wa sheria za Japani, anaona mahakama ile inajiendesha yenyewe na wanasiasa hawana mkono ndani. Mimi naona hoja yake haifuti takwimu, inahamisha lawama tu: mkubwa wa mahakamani anaweza kukisia matakwa ya serikali bila kupigiwa simu.

Nawaomba msiyabebe haya mzima mzima mkayatua hapa kwetu. Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na hukaa hadi miaka 60. Hana cha kuhuishiwa uteuzi kila miaka 10. Mahakimu ni habari nyingine, na uhamisho wao sisi tuliuona kwa macho. Kwa miaka yote niliyopokea barua za uhamisho nilidhani kila moja ina sababu yake. Huenda inayo. Lakini barua moja haisemi kitu, barua mia zikipangwa husema.

Kamati inapendekeza mwakani tujifunze kupanga: kituo, mwaka, cheo, aina ya kesi, kwa kutumia taarifa zilizokwisha tangazwa hadharani pekee. Jalada la ofisi asilete mtu, wala nakala yake aliyoisahau kabatini. Kiapo cha siri hakikustaafu pamoja nasi. Mwalimu amekubali kutufundisha bila malipo, ila anaomba nauli ya kutoka Pongwe. Wanaoafiki watanyoosha mikono Mweka Hazina akishamaliza.