Bendera ya mbao chakavu nayo ina vipimo vyake

Bwana Mhariri,

Kila mwaka 30 Juni, siku ya uhuru wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inapokaribia, kando ya barabara za Lubumbashi hutundikwa bendera za nchi yetu zilizopakwa juu ya mbao za paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupakilia mizigo. Sisi mafundi tunaipenda kazi hiyo. Ubao ambao ungeishia kwenye mbabula, jiko la makaa, unapata nafasi ukutani sebuleni, na mteja asiye na pesa ya picha kubwa anapata kitu cha kujivunia.

Kinachotuuma ni makosa. Unakuta bendi nyekundu inashuka kutoka kushoto kwenda kulia badala ya kupanda. Nyota imelala upande kama iliyosukumwa. Bluu ni ile nzito ya bendera ya kabla ya 2006, iliyokuwa na nyota kubwa katikati na nyota ndogo sita pembeni, wala si bluu ya anga tuliyo nayo sasa. Kingo za manjano zimesahauliwa kabisa. Ukiuliza, unajibiwa kwamba hiki ni kitu cha kienyeji, lazima kionekane kimechakaa. Hapo tunakataa. Kinachotakiwa kuchakaa ni ubao, mchoro ubaki mzima. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kimeeleza bendera yenyewe: bluu ya anga, nyota ya manjano kwenye pembe ya juu kushoto, na bendi nyekundu inayokata mshazari ikiwa na ukingo mwembamba wa manjano. Naomba nafasi gazetini niandike namna inavyotengenezwa, kwa sababu makosa mengi huanza kabla brashi haijaguswa.

Tuanze na ubao. Paleti linalovuka mpaka hupigwa chapa ya moto au ya wino pembeni. Herufi HT maana yake mbao zilipashwa joto mpaka kiini kikafika digrii 56 kwa dakika 30: hilo chukua. MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, hilo liache. Na kwa kuwa mji wetu ni wa migodi, lipo la tatu linalohitaji macho zaidi: paleti lililobeba magunia ya dawa za kuchenjulia shaba na kobalti. Ukiona madoa, unga uliogandia kwenye nyufa, au ukisikia harufu kali, usilikate wala usilipige msasa, hata kama unapewa bure. Vumbi lake litaingia kifuani mwako kwanza, kisha nyumbani kwa mteja. Vivyo hivyo milango na madirisha ya nyumba za zamani: rangi nyingi za enzi hizo zilitiwa madini ya risasi, na msasa mkavu huigeuza kuwa vumbi la sumu.

Usizing'oe mbao kwa mtaimbo. Misumari ya paleti imesokotwa, haitoki kwa hiari, na ubao hupasuka kabla msumari haujalegea. Ingiza msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo, ukate misumari hapohapo. Kisha kata ncha zote mbili za ubao. Kwenye ubao wa mita 1, ukitoa sentimita 10 kila upande unabaki na 80 safi, na matundu mengi ya misumari yameondoka.

Bendera yetu ina uwiano wa 3 kwa 4. Mbao sita zinatosha. Kila moja irandwe ubavuni ibaki na upana wa sentimita 9.8, zipangwe kwa kuachiana milimita 2, na utapata kimo cha karibu 60 kwa urefu wa 80. Hizo milimita 2 si urembo. Ubao uliobanwa kabisa wakati wa kiangazi huvimba mvua za Novemba zikianza, na bendera nzima hujikunja kama kuti. Kosa la upande wa pili ni kupigilia ubao mbichi: ukikauka nafasi hupanuka na rangi hupasuka kwenye kila mstari. Panga mbao kivulini kwa wiki mbili au tatu, kati yake ukiweka vijiti vya kupitisha hewa. Pima ubao mmoja kwenye mizani, rudia baada ya siku tatu. Uzito usipopungua, umekauka.

Nyuma pigilia fito mbili za sentimita 56, kila moja ikiwa sentimita 12 kutoka ncha. Misumari ni 24, ya milimita 35, miwili kwa kila ubao kwenye kila ufito. Mbao na ufito kwa pamoja ni unene wa karibu sentimita 4, kwa hiyo msumari hautokezi upande wa pili. Kabla ya kupigilia, gonga ncha ya msumari kwa nyundo iwe butu. Ncha kali hutanua nyuzi za ubao na kuupasua. Ncha butu huzivunja na kupita.

Sasa uchakavu wenyewe. Loweka pamba ya chuma ya kusugulia sufuria katika nusu lita ya siki kwa siku mbili, kifuniko kikiwa kimelegezwa kwa sababu gesi hutoka. Msonobari wa paleti una tanini kidogo, ile dutu inayogeuka kijivu ikikutana na chuma, kwa hiyo paka kwanza chai nzito isiyo na sukari, iache ikauke, kisha paka ile siki. Ubao hugeuka kijivu mbele ya macho yako, kama uliokaa mvuani miaka mingi. Subiri siku nzima. Halafu ziba macho ya mbao na vishina vya misumari kwa mikono miwili myembamba (yaani matabaka mawili) ya gomalaka, ile verni inayoyeyushwa kwa alkoli, na upitishe mkono mmoja mahali patakapokaa nyota na bendi. Ukiiruka hatua hii, utomvu na kutu vitapenya rangi, na baada ya mwezi bluu itakuwa na machozi ya kahawia. Malalamiko mengi ya wateja yanatoka hapa, na hayatibiki kwa kupaka rangi juu tena.

Mchoro ufanyike kwa rula na penseli, usikisie kwa jicho. Kwenye ubao wa 60 kwa 80 sisi tunatumia vipimo hivi. Kutoka pembe ya chini kushoto, pima sentimita 15 kupanda na sentimita 5 kwenda kulia. Kutoka pembe ya juu kulia, pima sentimita 15 kushuka na sentimita 5 kurudi kushoto. Unganisha alama ya ubavu wa kushoto na ile ya ukingo wa juu, kisha ya ukingo wa chini na ile ya ubavu wa kulia. Hiyo ndiyo bendi nzima pamoja na manjano yake. Ndani ya kila mstari chora mwingine ulio umbali wa sentimita 1. Kati ya hiyo ya ndani ndimo nyekundu inamokaa.

Nyota: kituo chake kiwe sentimita 15 kutoka kushoto na 15 kutoka juu, yaani katikati kabisa ya ubao wa pili. Chora duara kwa bikari iliyofunguliwa sentimita 12. Weka alama juu kabisa ya duara, fungua bikari sentimita 14.1, piga hatua tano kulizunguka duara ukiweka alama kila hatua, utarudi pale ulipoanzia. Unganisha alama kwa kuruka moja moja. Ncha moja itatazama juu wima, na haitalala tena. Mbao zikiwa nyembamba na kimo kikawa 54, urefu uwe 72, na kila kipimo cha mchoro kizidishwe kwa 0.9.

Rangi ya maji ndiyo nzuri kwa kazi hii. Ya mafuta hung'aa na kuua ule ukale. Bluu changanya sehemu 4 za nyeupe na 1 ya bluu, paka kwenye kipande cha majaribio, ngoja ikauke ndipo uamue, kwa sababu ikikauka huzidi kuiva. Mililita 120 zinatosha mikono miwili. Manjano na nyekundu hazifiki 50 kila moja.

Utaratibu una sababu yake. Manjano ni rangi nyepesi: ukiipaka juu ya bluu unapata nyota ya kijani. Basi nyota na bendi zipakwe nyeupe kwanza, mikono miwili. Kabla ya bluu, sugua mshumaa kwenye kingo za mbao na sehemu zilizoinuka, ukikaa mbali na mistari kwa sentimita 3. Paka bluu. Paka manjano kwenye nyota na bendi nzima. Ikikauka, bandika utepe wa karatasi juu ya ile sentimita 1 ya ukingo, na upitishe manjano tena kwenye mdomo wa utepe. Manjano hayo huziba nyufa ndogo, nyekundu isipate pa kupenya. Nyekundu ipakwe kwa brashi karibu kavu, hasa kwenye nafasi za kati ya mbao, maana ndimo inamotiririka. Ng'oa utepe rangi ikiwa bado mbichi kidogo.

Mwisho piga msasa namba 120 pale palipopita mshumaa. Bluu itabanduka yenyewe na ubao wa kijivu utachungulia. Nyota na bendi msiziguse! Verni iwe ya maji, isiyong'aa. Ya mafuta hugeuka manjano na kuifanya bluu ya anga ielekee kijani.

Wapo wanaoandika maneno juu ya bendera yenyewe. Bendera haina maneno. Anayetaka kaulimbiu aiandike kwenye ubao mwingine chini yake, kwa mpangilio wa Katiba: Haki, Amani, Kazi.

Kazi yote ina uzito wa kilo 5 hadi 6, kwa hiyo itundikwe kwa misumari miwili iliyoshika vizuri kwenye tofali, mbali na jua la dirisha, maana nyekundu ndiyo hupauka kwanza. Wala isiegemezwe sakafuni hata usiku mmoja katika mji huu wa vichuguu: mchwa huanzia nyuma, kwenye fito, na utajua siku inapoanguka.

Ombi letu, Bwana Mhariri: kabla ya 30 Juni chapeni bendera kwa nusu ukurasa, ikiwa na vipimo vyake pembeni, ili fundi aikate na kuibandika juu ya meza yake ya kazi.

Mafundi wa mbao na rangi,
Komini ya Kenya, Lubumbashi